Kuiga mwale wa ayoni nzito kwa kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanafunzi wa fizikia na uhandisi wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani wanaotaka kuiga mwenendo wa mwale wa ayoni nzito, wengi wao wakiwa hawajawahi kukiona kichapuzi kwa macho. Namba zote za mifano zinahakikika kwa kikokotoo cha kawaida. Tunakusihi uzihakiki, maana sehemu kubwa ya makosa tunayoletewa hutokea kabla programu haijawashwa.

Ayoni nzito ni nini hasa?

Ni atomu iliyonyang'anywa baadhi ya elektroni zake, au zote, na ambayo kiini chake ni kizito kuliko heliamu. Mfano ni kaboni 12, risasi 208, dhahabu 197 na urani 238. Tunaandika chaji yake pembeni: risasi yenye chaji 54+ imepoteza elektroni 54 na bado inazo 28, ilhali ya 82+ imebaki kiini kitupu. Kichapuzi ni mashine inayoziongezea ayoni hizo nishati kwa uga wa umeme, na kuziongoza kwa uga wa sumaku ndani ya bomba lenye ombwe.

Tofauti na protoni ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Protoni ina chaji moja na haibadiliki njiani. Ayoni nzito inaweza kupoteza au kudaka elektroni katikati ya safari, na papo hapo sumaku zinaiona kuwa chembe nyingine kabisa.

Kwa nini nijifunze haya Dodoma, ambako hakuna kichapuzi cha namna hiyo?

Kwa sababu kazi yenyewe inafanyika kwenye kompyuta. Wanaobuni pete mpya (vichapuzi ambamo mwale huzunguka mara nyingi kwenye njia ileile) huishi miaka mingi na mwale wa kuigwa kabla bomba la kwanza halijachomelewa. Programu nyingi ni za bure, na hata mipangilio ya sumaku za mashine kadhaa imewekwa wazi na wenye mashine. Kwa anayetaka kusogea karibu na chuma chenyewe, kituo cha iThemba LABS karibu na Cape Town, Afrika Kusini, kina saiklotroni, yaani kichapuzi cha duara, inayochapusha protoni hadi MeV 200 na ayoni nzito pia. (MeV ni elektronivolti, yaani eV, milioni moja, kipimo cha nishati; GeV ni mara elfu yake.)

Ninahitaji kompyuta ya aina gani?

Kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 8 inatosha kwa kazi za mwanzo. Fanya hesabu: kila chembe ina namba sita (nafasi tatu na mwendo wa pande tatu), kila namba inachukua baiti 8, hivyo chembe milioni moja ni megabaiti 48 tu. Kinachokwamisha ni muda, na diski. Mtu akiiambia programu irekodi chembe zote milioni moja kila mzunguko kwa mizunguko 10,000, anaomba gigabaiti 480. Rekodi wastani na upana wa mwale kila mzunguko, lakini chembe zenyewe kila baada ya mizunguko elfu moja.

Kiangazi cha Dodoma kina vumbi jembamba linaloingia kwenye feni. Kompyuta inayopiga hesabu usiku kucha ikiwa imezibwa na vumbi hujipunguzia kasi ili isiungue, na kazi ya saa sita inakuwa ya kumi na mbili. Isafishe kwa brashi laini na upepo kila mwezi kuanzia Juni hadi mvua zinyeshe, na usiiweke juu ya godoro.

Nianze na programu ipi?

Kwa pete na njia za mwale, anza na MAD-X ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, kisha nenda Xsuite, nayo ya CERN, inayotumika ndani ya Python. MAD-X ni faili moja dogo lisilohitaji kusakinishwa kwa shida. Xsuite inapatikana kwa amri ya `pip install xsuite`, na inakwenda vizuri zaidi kwenye Linux kwa kuwa inahitaji kikusanyaji cha lugha ya C. Shusha mara moja kwa bando la usiku, weka kwenye flashi, wagawie na wenzako.

Kwa kutoa ayoni kwenye chanzo chake kuna IBSimu. Kwa vichapuzi vya mstari kuna IMPACT-Z na TRACK. Kwa mwale unapogonga kitu, iwe maji, chuma au mwili wa mgonjwa, kuna Geant4, FLUKA na PHITS. Usijaribu kuzijua zote mwaka wa kwanza.

"MeV/u" maana yake nini, na kwa nini kila mtu anasisitiza hiyo "u"?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Nishati ya ayoni nzito hutajwa kwa kila nukilioni, yaani kwa kila protoni au nyutroni iliyomo kwenye kiini. Kaboni 12 ya MeV 430 kwa nukilioni ina nishati ya mwendo ya MeV 430 × 12 = 5,160 kwa ayoni nzima. Hiyo ndiyo nishati ya juu inayotumika kwenye kituo cha tiba cha Heidelberg, Ujerumani.

Sasa tazama tofauti inavyokwenda. Kipimo cha ugumu wa kupindwa kwa ayoni, yaani zao la uga wa sumaku na nusu kipenyo cha mpindo, ni momenta ikigawanywa kwa chaji. Kwa vipimo vya kazini:

ugumu (tesla-mita) = 3.3356 × momenta (GeV/c) ÷ chaji

Kaboni 6+ ya MeV/u 430 ina momenta ya takriban GeV/c 11.9, hivyo ugumu wake ni tesla-mita 6.62. Mwanafunzi akiandika 430 akidhani ni ya ayoni nzima, amepata MeV/u 35.8, na ugumu unashuka hadi tesla-mita 1.74. Programu haitalalamika. Itakuchorea michoro mizuri ya mwale ambao si wako.

Ubaya ni kwamba programu hazikubaliani. FLUKA inataka nishati kwa nukilioni pale unapochagua ayoni nzito. Geant4, kupitia chanzo chake cha jumla cha chembe, inataka nishati ya mwendo ya ayoni nzima. MAD-X inataka nishati yote, yaani ya mwendo pamoja na ya tungamo, kwa ayoni nzima, kwa GeV. Xsuite inataka momenta ya ayoni nzima kwa eV. Andika kwenye karatasi na ubandike ukutani mbele ya meza yako.

Nionyesheni mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue pete ya LEIR ya CERN, kwa sababu ni ndogo (mzingo wa mita 78.54) na mpangilio wa sumaku zake uko wazi. Inapokea risasi 208 yenye chaji 54+ kwa MeV/u 4.2.

Kwanza tungamo. Atomu ya risasi 208 ni u 207.97665 (hapa u ni kipimo cha tungamo la atomu). Zidisha kwa MeV 931.494, unapata MeV 193,729. Toa elektroni 54 zilizoondolewa, kila moja MeV 0.511, jumla MeV 27.6. Inabaki MeV 193,701. Usitumie tungamo la protoni mara 208: utakosea kwa karibu asilimia 0.75, na kwenye pete hilo si kosa dogo.

Pili nishati. Ya mwendo ni 4.2 × 208 = MeV 873.6. Ya jumla ni MeV 194,574.6.

Tatu momenta. Nishati ya mwendo mara mbili zidisha kwa tungamo, jumlisha na mraba wa nishati ya mwendo, tafuta kipeo cha pili cha jumla hiyo. Unapata MeV/c 18,417. Gawanya kwa 54, zidisha kwa 3.3356, gawanya kwa elfu: ugumu ni tesla-mita 1.14.

Nne kasi. Gawanya momenta kwa nishati ya jumla: 0.0947 ya kasi ya mwanga. Kwa mzingo wa mita 78.54, ayoni inazunguka mara 361,000 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja kwa mikrosekunde 2.77.

Ndipo uandike, kwenye MAD-X:

`beam, particle=ion, mass=193.701, charge=54, energy=194.5746;`

Na kwenye Xsuite:

`xt.Particles(mass0=193.701e9, q0=54, p0c=18.417e9)`

Angalia kuwa ya kwanza ni GeV na ya pili ni eV. Ukipeleka namba za MAD-X kwenye Xsuite bila kuzidisha kwa bilioni, umetengeneza ayoni nyepesi kuliko elektroni.

Kisha pakia mpangilio wa sumaku na utafute tuni, yaani idadi ya mitikisiko ya kando ambayo ayoni hufanya katika mzunguko mmoja. Kwa LEIR ni takriban 1.82 kwa mlalo na 2.72 kwa wima. Ukipata hizo, na kasi ya mzunguko ikilingana na ya karatasini, una ruhusa ya kuendelea. Usipozipata, usiguse kitu kingine chochote hadi ujue kwa nini.

MAD-X inanipa dispeshoni kubwa mara kumi kuliko ilivyoandikwa kwenye ripoti. Je, mpangilio una kosa?

Hauna. Dispeshoni ni kiasi ambacho njia ya ayoni husogea pembeni momenta yake ikitofautiana na ya wenzake. MAD-X huipima dhidi ya tofauti ya nishati, si ya momenta. Kwa mwale unaokwenda karibu na kasi ya mwanga, hivyo viwili ni kitu kimoja. Kwa ayoni yenye kasi ya 0.0947 ya mwanga, jibu la MAD-X lazima ulizidishe kwa 0.0947 ndipo upate dispeshoni ya kawaida. Badiliko la tuni kwa momenta nalo hurekebishwa vivyo hivyo. Wanaotoka kwenye mifano ya protoni za nishati kubwa hunaswa hapa kila mara, na tumeona watu wakibadilisha sumaku zote za pete kuponya ugonjwa usiokuwepo.

Emitansi ni nini kwa lugha ya kawaida?

Fikiria ng'ombe wanaoswagwa kuingia kwenye josho, kama pale kwenye ranchi ya Kongwa. Kundi linaweza kuwa pana lakini kila ng'ombe anatazama mbele, au likawa jembamba huku kila mmoja anavutia upande wake. La kwanza utalibana liingie mlangoni. La pili ukilibana linalipuka upande wa pili. Emitansi ni kipimo cha upana na mtawanyiko wa mielekeo kwa pamoja. Sumaku za ncha nne zinaweza kupunguza upana kwa kuongeza mtawanyiko wa mielekeo, au kinyume chake, lakini haziwezi kupunguza vyote viwili.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza: emitansi ya jiometri hupungua momenta inapoongezeka, ilhali emitansi sanifu, ambayo ni ile ya jiometri mara momenta ikigawanywa kwa tungamo, hubaki palepale kama hakuna kinachoharibu mwale. Kwenye LEIR wakati wa kuingiza, kigezo hicho ni 0.095. Ukichanganya hizo mbili umekosea mara kumi.

Wa pili: kuna wanaotaja emitansi ya wastani wa mraba na kuna wanaotaja mara nne yake. Kwa mwale wenye umbo la kengele, duaradufu ya wastani wa mraba inabeba asilimia 39 tu ya ayoni. Ya mara nne inabeba asilimia 86. Ripoti za vichapuzi vya mstari na za pete mara nyingi hutofautiana hapo. Tafuta neno hilo kwenye ripoti kabla ya kunakili namba.

Kwa nini ayoni husukumana, na chaji inaathiri vipi?

Zote ni chanya, kwa hiyo kila moja inasukuma jirani yake. Msukumano huo unadhoofisha nguvu ya sumaku za kukusanya mwale na kushusha tuni. Ukubwa wa mshuko huo unakwenda kwa mraba wa chaji ukigawanywa kwa namba ya tungamo, zidisha kwa idadi ya ayoni, gawanya kwa emitansi na kwa kigezo cha kasi ambacho ni kidogo sana mwale ukiwa polepole. Ndiyo maana wakati mbaya kuliko wote ni wa kuingiza mwale kwenye pete.

Chukua mraba wa chaji gawanya kwa tungamo. Protoni: 1. Kaboni 6+: 3. Urani 28+: 3.3. Risasi 54+: 14. Urani 73+: 22.4. Kwa idadi ileile ya ayoni, kasi ileile na emitansi ileile, urani 73+ inajisukuma karibu mara saba ya urani 28+. Kituo cha GSI kule Darmstadt, Ujerumani, huchagua 28+ kinapotaka mwale mnene, kwa sababu hiyo hasa. Gharama ya chaguo hilo ni mbili: ayoni ya 28+ ni ngumu zaidi kupindwa, kwa hiyo pete ileile inaifikisha kwenye nishati ndogo zaidi, na elektroni zake 64 zilizobaki huchunwa kwa urahisi. Tutalirudia hili la pili.

Kwenye uigaji, msukumano hukokotolewa kwa kugawa eneo la mwale katika visanduku vya gridi, kuhesabu chaji ya kila kisanduku, kutafuta uga, kisha kuipiga kila chembe teke dogo. Weka mateke angalau 10 hadi 20 kwa kila wimbi moja la mtikisiko wa kando. Gridi ipitishe visanduku kadhaa ndani ya upana mmoja wa mwale. Ikiwa mwale wote umeingia kwenye visanduku vinne, unachokiona ni umbo la gridi.

Nitumie chembe ngapi? Pete yangu ina ayoni bilioni moja.

Huhitaji bilioni. Unatumia chembe wakilishi: milioni moja, kila moja ikibeba chaji na tungamo la ayoni 1,000. Uwiano wa chaji kwa tungamo haubadiliki, kwa hiyo inapita njia ileile.

Tatizo la chembe chache ni kelele. Chembe wakilishi nzito zinapogonganishwa na gridi hutikisana kuliko ayoni halisi zingetikisana, na emitansi inakua polepole bila sababu ya kimwili. Kwenye mizunguko 500 hutaona. Kwenye 50,000 utaandika ripoti kuhusu ukuaji ambao haupo. Njia ya kugundua ni moja: rudia hesabu kwa chembe mara mbili. Ukuaji ukipungua kwa nusu, ulikuwa kelele. Ukibaki palepale, huenda umepata kitu. Fanya hivyohivyo kwa gridi na kwa idadi ya mateke, kimoja kimoja, na ubadilishe mbegu ya namba nasibu angalau mara tatu.

Ayoni ikipoteza elektroni njiani nini kinatokea?

Ugumu wake unabadilika ghafla. Urani 28+ ikigonga molekuli ya gesi mabaki na kuwa 29+, momenta ni ileile lakini ugumu umeshuka hadi 28/29 ya awali, yaani pungufu kwa asilimia 3.4. Mahali penye dispeshoni ya mita 2, njia yake iko karibu milimita 69 kando ya wenzake. Bomba la kawaida halina nafasi hiyo. Inagonga ukuta baada ya sumaku ya kupinda inayofuata.

Ukuta uliogongwa kwa namna hiyo hutema gesi iliyokuwa imenata juu yake. Gesi hiyo huongeza kanieneo, kanieneo huzalisha migongano mingine, na mwale unajiua wenyewe. Mwale mdogo unaishi muda mrefu. Ukiuongeza mara tano, unaisha kabla hujafika juu. Asiyeweka mnyororo huu kwenye uigaji wake atatabiri mwale mnene ambao pete haitauona kamwe. Dawa inayotumika GSI ni kuweka vikamata-ayoni mahali ayoni hizo zinapoangukia, vyenye uso usiotema gesi nyingi, pamoja na ombwe la kiwango cha milibari 10⁻¹¹ au chini yake.

Hesabu ya mkono ni hii. Kwa milibari 10⁻¹¹ na joto la chumba, kuna molekuli kama 2.4 × 10¹¹ kwa mita ya ujazo. Tuseme, kwa mfano tu, eneo la mgongano (kipimo cha uwezekano wa ayoni kubadilishwa chaji na molekuli) ni mita za mraba 10⁻²¹ na kasi ni ile ya LEIR, mita milioni 28.4 kwa sekunde. Zidisha vitatu: 0.0068 kwa sekunde, yaani uhai wa takriban sekunde 147. Kwa milibari 10⁻⁹ ni sekunde moja na nusu. Kwa mzunguko mmoja, uwezekano ni kama 1.9 × 10⁻⁸. Kwenye mizunguko 100,000 yenye chembe milioni moja, tarajia kupoteza chembe 1,900 hivi. Programu yako ikipoteza chembe zote, au isipoteze hata moja, huenda kosa liko kwenye vipimo vya eneo: wengi husoma sentimita za mraba wakaandika mita.

Kwenye Xsuite badiliko lenyewe huwekwa kupitia uwiano wa chaji wa chembe, kwa mfano 29/28. Kumbuka kurekebisha pia uwiano wa chaji kwa tungamo, vinginevyo sumaku zitaendelea kuiona ayoni ya zamani.

Hata kwenye LHC, pete kubwa ya CERN, ambako risasi ni kiini kitupu, kuna tatizo la kubadilika chaji?

Ndiyo, kwa upande wa pili: zinadaka. Viini viwili vya risasi 82+ vikipishana karibu bila kugongana, uga wao wa umeme huzaa elektroni na pozitroni, na elektroni hiyo hunaswa na kimoja. Kinakuwa 81+, ugumu umepanda kwa asilimia 1.2, na kinaondoka kwenye njia kuu kama mwale mwembamba unaoangukia sehemu moja ya sumaku za baridi kali. Eneo la tukio hilo ni takriban bani 280 (bani ni kipimo cha eneo la mgongano), wakati mgongano wenyewe wa viini, ule uliojengewa mashine, ni bani 8 hivi. Mwaka 2015, kwenye jaribio la makusudi, mwale huo mdogo uliipasha sumaku moto hadi ikapoteza upitishaji wake mkuu, yaani uwezo wa kupitisha umeme bila ukinzani. Ndiyo sababu wahandisi huuelekeza uangukie mahali palipoandaliwa, na uigaji ndio unaowaambia ni wapi, kwa usahihi wa mita chache katika kilomita 26.7.

Nataka kuiga tiba ya saratani kwa kaboni. Programu ya SRIM inatosha?

SRIM inafaa kukupa umbali ambao ayoni itasafiri, na ni nyepesi. Lakini haina mivunjiko ya viini. Kaboni inayoingia mwilini huvunjika njiani, na vipande vyepesi, kama heliamu na boroni, huendelea kupita sehemu ambayo kaboni imesimama. Mkia huo wa dozi nyuma ya uvimbe ni jambo la mgonjwa na daktari wake, hauachwi. Tumia Geant4, FLUKA au PHITS.

Jipime hivi: kaboni ya MeV/u 430 kwenye maji lazima isimame karibu sentimita 30. Ikisimama kwenye milimita 4, umeandika 430 mahali palipotaka 5,160.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Andika hali ya chembe zote kwenye faili kila baada ya mizunguko elfu moja, pamoja na namba ya mzunguko na hali ya jenereta ya namba nasibu. Kwenye Xsuite, chembe zina amri ya `to_dict()` inayokupa kila kitu cha kuhifadhi. Andika kwanza kwenye faili la muda, ndipo ulibadilishe jina. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, faili la zamani linabaki salama. Na jaribu kurejesha siku ya kwanza, kwa kuua programu mwenyewe makusudi: simamisha kwenye mzunguko wa 2,500, rejesha kutoka wa 2,000, linganisha na hesabu isiyokatizwa. Kwenye kichakato kimoja zinapaswa kulingana hadi tarakimu ya mwisho.

Urani ya Manyoni na Bahi ina uhusiano wowote na mwale wa urani?

Ni elementi ileile. Asilimia 99.27 ya urani ya asili ni urani 238, ambayo ndiyo inayochapushwa, hivyo mwale wa urani hauhitaji kurutubishwa. Uhusiano unaishia hapo. Usiokote mawe wala udongo kwa ajili ya mradi wa uigaji. Hauna matumizi nayo.

Je, ninahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania?

Kwa uigaji, hapana. Hakuna mnunurisho unaotoka kwenye kompyuta. Siku utakapotaka kutumia chanzo chochote halisi, hata kidogo cha kufundishia, kibali ni lazima.

Nikikwama, nije na nini?

Njoo na karatasi yenye mistari sita: elementi na namba ya tungamo, chaji, nishati kwa nukilioni, tungamo ulilotumia kwa MeV, ugumu kwa tesla-mita, na muda wa mzunguko mmoja. Njoo pia na faili la kuingizia, toleo la programu, na mchoro mmoja tu unaoonyesha kilichokushangaza. Bila ile karatasi tutaanza kwa kuiandika pamoja, na mara nyingi kosa huonekana tukifika mstari wa tatu.